Weka Stetoskopu Juu ya Jicho

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye semina ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa macho. Wengi mliniandikia kwamba hamkuweza kufika kwa sababu ya zamu, basi naiweka hapa nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mgeni rasmi, waganga wafawidhi, matabibu wenzangu, wauguzi, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, na ninyi madereva wa bodaboda mlioalikwa mkaamua kukaa nyuma kabisa karibu na mlango: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote kwa jumla, habari za asubuhi.

Mratibu aliniomba nizungumzie matibabu ya mishipa ya ubongo kwa kupitia ndani ya mshipa wenyewe, bila kufungua fuvu. Nikakubali, ila nikamwambia nusu ya kwanza haitahusu mashine. Itahusu kitu ambacho wengi wenu mmekitundika shingoni sasa hivi.

Tuanze na damu. Moyo unaisukuma kwa nguvu kwenye ateri. Ateri zinagawanyika, zinakuwa nyembamba, mpaka zinafika kwenye kapilari, vijishipa vyembamba kuliko unywele. Huko ndiko ubongo unakopata oksijeni yake, na katika safari ya kufika huko nguvu ya damu inavunjwa. Inapoingia kwenye vena kurudi moyoni, damu imeshatulia. Kuta za vena ni laini. Hazikuumbwa kubeba presha ya ateri.

Sasa nawauliza: ateri ikiungana na vena moja kwa moja, kapilari zikarukwa, nini kinatokea?

Mambo mawili. Vena inabebeshwa presha isiyoiweza, na ubongo uliokuwa unasubiri damu ile unaikosa. Muunganiko wenyewe uko wa namna kadhaa. Kuna fundo la mishipa lililo ndani ya ubongo, ambalo mtu anaweza kukaa nalo miaka bila kujua. Kuna fistula, yaani matundu yanayopitisha damu ya ateri moja kwa moja kwenye vena, za kwenye utando mgumu unaofunika ubongo, hizi huwapata zaidi watu wazima. Na kuna fistula ya ajali. Leo nitakaa sana na hiyo ya ajali. Sababu mnaijua, imeegeshwa hapo nje, magurudumu mawili.

Nyuma ya kila jicho, pembeni mwa tezi ya pituitari, kuna uwazi wa vena unaoitwa sainasi ya kavenasi. Ateri kubwa ya karotidi, inayolisha ubongo, inapita katikati ya uwazi huo. Ni mahali pekee mwilini ambapo ateri inapita ndani kabisa ya njia ya vena. Ni sawa na fundi aliyepitisha bomba kuu la maji, lenye presha, ndani ya mtaro wa kutolea maji machafu. Siku zote mambo yako sawa. Siku bomba likipasuka, mtaro unajaa na kurudisha maji nyuma, mpaka kwenye nyumba iliyokuwa inamwaga maji humo. Nyumba ya kwanza kwenye mtaro huo ni jicho.

Nitawapa mgonjwa. Si mtu mmoja, ni wengi niliowachanganya, kwa hiyo msimtafute. Kijana, dereva, anaanguka usiku bila helmeti. Anapoteza fahamu kidogo, anashonwa kwenye paji la uso, anarudi nyumbani. Siku kadhaa zinapita, pengine wiki kadhaa. Jicho linakuwa jekundu. Anaenda zahanati, anapewa matone ya antibayotiki. Halisikii. Anabadilishiwa matone. Jicho linaanza kutokeza, kope linavimba, anaanza kuona watu wawili pale alipo mmoja. Anabadilishiwa matone tena. Na usiku, nyumba ikinyamaza, anasikia kitu kinavuma kichwani: shuu, shuu, shuu. Anamwambia mama yake. Mama anasema, mwanangu, hayo si ya hospitali.

Anapelekwa kwa shehe, anasomewa. Anapelekwa kwenye maombi ya mkesha. Mimi simlaumu mama yule hata kidogo. Hospitali ilimpa matone mara tatu, yeye akafanya alichoweza. Ninayetaka kumuuliza yuko humu ndani: katika safari yote hiyo, nani alimuuliza kijana anasikia nini? Nani aliweka stetoskopu juu ya jicho?

Kelele nyingi za masikioni anazisikia mgonjwa peke yake, na sisi tunabaki kumwamini au kutomwamini. Hii ni tofauti. Hii mtu wa pili anaweza kuisikia, kwa sababu ni damu ya kweli inayopita kwa kasi kwenye tundu la kweli. Inakwenda na mapigo ya moyo. Ukishika mshipa wa mkono wake huku unasikiliza, utaona vinatembea pamoja.

Namna ya kusikiliza ni hii, andikeni. Mgonjwa afumbe macho. Weka ule upande wa kengele wa stetoskopu, si ule wa ngozi bapa, juu ya kope lililofumbwa, taratibu, usikandamize. Halafu mwambie afumbue jicho la pili atazame mbali, ili kope zisitetemeke zikakudanganya. Abane pumzi kidogo. Sikiliza. Kisha sikiliza kwenye panda la uso, kisha nyuma ya sikio. Dakika moja, mbili, umemaliza. Haihitaji umeme, haihitaji bando. Usiposikia kitu usiseme hana, maana fistula nyingine zinapitisha damu polepole na hazivumi. Lakini ukisikia, umeshapata jambo ambalo matone hayataliponya.

Na wekeni macho kwenye jicho lenyewe. Jicho la maambukizi huwa na tongotongo au usaha, na wekundu wake umetapakaa. Jicho hili halina usaha. Mishipa yake imevimba na kujisokota kama skrubu, inaanzia ukingoni mwa ile sehemu nyeusi na kusambaa nje. Linaweza kuwa linadunda. Mtazame mgonjwa kwa ubavu utaliona. Kutazama nje linashindwa, kwa sababu neva ya sita, inayolivuta jicho upande huo, inaelea ndani ya sainasi ileile pamoja na ateri. Presha ya jicho inapanda. Hapo ndipo uwezo wa kuona unapoondoka, na ukishaondoka kabisa mara nyingi haurudi hata tundu likizibwa vizuri namna gani. Mgonjwa wa namna hiyo akikwambia anaona vibaya kuliko juzi, au ametokwa na damu nyingi puani, huyo hasubiri kliniki ya wiki ijayo. Huyo anasafiri leo.

Jambo la pili. Tundu linazibwaje? Na kwa nini ilichukua zaidi ya miaka 150 kulijua jibu?

London, Desemba 1804. Mwanamke mjamzito anasikia kitu kimekatika ghafla upande wa kushoto wa paji la uso. Maumivu, uvimbe wa kope, jicho likaanza kutokeza, na mvumo usiokoma. Aliishi hivyo zaidi ya miaka minne. Mwaka 1809 daktari wa upasuaji kijana, Benjamin Travers, akaamua kuifunga ateri ya karotidi shingoni, upande ule. Bila ganzi, maana usingizi wa hospitali haukuwepo. Mama yule alipona, na Travers akachapisha habari yake mwaka 1811, akiamini ametibu uvimbe wa mshipa uliokuwa ndani ya tundu la jicho. Ugonjwa wenyewe hakuujua. Alifunga bomba, mvumo ukanyamaza, akashukuru Mungu.

Wengi wakamfuata. Na wengi wa wagonjwa wao hawakubahatika. Kwa nini? Kwa sababu chini ya ubongo ateri zimeshikana kwa duara, duara la Willis. Ukifunga karotidi shingoni, tundu la juu bado liko wazi. Damu inalifikia kutokea upande wa pili, ikishuka kwa nyuma. Sasa tundu linanyonya damu iliyokuwa ya ubongo, na mgonjwa aliyekuja na ugonjwa wa jicho anaweza kuondoka na kiharusi. Shikeni hapo: kinachozibwa ni tundu, si njia ya kuliendea. Tundu, si njia. Sehemu kubwa ya historia ya matibabu haya ni ya watu waliokuwa wanaziba njia.

Mwaka 1930, Marekani, daktari aitwaye Barney Brooks alikata kipande cha msuli akakiingiza ndani ya karotidi, damu yenyewe ikipeleke mpaka kwenye tundu. Wazo zuri sana. Tatizo, ukishakiachia huna uwezo wa kukiita kirudi.

Halafu akaja Mrusi. Huyu nampenda. Fedor Serbinenko, daktari wa upasuaji wa ubongo katika Taasisi ya Burdenko, Moscow. Inasimuliwa kwamba siku ya Mei Mosi mwaka 1959 alikuwa kwenye Uwanja Mwekundu akiwatazama watoto wenye puto. Puto iko juu, mtoto yuko chini, lakini kwa uzi mwembamba mtoto anaiongoza puto anakotaka. Nasi Mei Mosi tunaandamana kila mwaka, tena na fulana mpya. Sijui nani kati yetu amerudi nyumbani na wazo la kutibu ubongo. Serbinenko alirudi akaanza kutengeneza puto ndogo sana kwa mikono yake, zenye mrija laini nyuma. Anaingiza puto kwenye ateri ikiwa imenywea. Mkondo wa damu unaibeba. Ikifika kwenye tundu inavutwa na mkondo ule ule mpaka ng'ambo, ndani ya sainasi. Hapo anaijaza, inaziba, anaikata, anaiacha, na mrija anautoa. Karotidi inabaki wazi, ubongo unaendelea kula. Mwaka 1974 alichapisha kazi yake kwenye jarida la upasuaji wa ubongo la Marekani, katikati ya vita baridi, na ulimwengu wa tiba ukashtuka.

Asingefika popote bila watangulizi wawili, nawataja haraka. Egas Moniz wa Lisbon, 1927, aliyekuwa wa kwanza kuonyesha ateri za ubongo wa mtu aliye hai kwa eksirei na dawa ya kung'arisha mishipa. Na Seldinger wa Sweden, 1953, aliyetufundisha kuingia kwenye mshipa kwa sindano, kupitisha waya ndani ya sindano, kisha kupitisha mrija juu ya waya. Mpaka leo asubuhi, popote chumba cha angiografia, yaani cha kupiga picha za mishipa, kilipofunguliwa duniani, kazi ilianza kwa sindano, waya na mrija.

Siku hizi puto tumezipunguza. Mgonjwa analazwa usingizi kamili. Tunaingia kwenye kinena, au kwenye kifundo cha mkono. Katheta, yaani mrija mrefu mwembamba, inapandishwa kupitia aota, ateri kuu inayotoka moyoni, mpaka shingoni, na ndani yake inapita nyingine nyembamba zaidi mpaka kwenye tundu. Sisi tunaangalia skrini, tunasukuma dawa yenye ayodini, mishipa inajichora. Picha ya fistula ukiiona mara moja huisahau: kabla ubongo haujachoreka vizuri, vena zimeshajaa, wakati zilipaswa kuwa za mwisho. Kisha tunapeleka koili, nyuzi laini za platinamu zinazojikunja zikishatoka kwenye mrija. Guido Guglielmi, Mwitalia, ndiye aliyetuletea koili inayoachiliwa kwa umeme mdogo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Los Angeles mwaka 1990. Uzuri wake ni kwamba usiporidhika nayo kabla ya kuiachia unairudisha ndani, uanze upya. Brooks angelipa pesa nyingi kwa hilo.

Njia ya ateri ikigoma, tunazunguka nyuma: tunaingia kwa vena, tunapanda shingoni mpaka kwenye sainasi kutokea mlango wa pili. Kuna gundi za kitabibu pia. Iliyozoeleka ni Onyx, ambayo Marekani iliruhusiwa mwaka 2005 kwa mafundo ya mishipa ya ubongo. Ni nyeusi kwa sababu ina unga wa tantalamu, ili ionekane kwenye eksirei. Kiyeyusho chake kinatoka kwa pumzi, na mgonjwa ananuka kitunguu saumu siku moja au mbili. Wauguzi wa wodi, tafadhali, msimwulize mgonjwa amekula nini.

Wengi wakiamka hugundua kwanza ukimya. Mvumo umekatika palepale mezani. Uvimbe wa jicho unapungua kwa siku. Kuona viwili viwili kunachukua wiki, pengine miezi, kwa hiyo msimtangazie mgonjwa kwamba matibabu yameshindwa kwa sababu bado anaona wawili wiki ya pili. Na hatari zipo, sitawaficha: damu iliyoganda inaweza kuponyoka ikaleta kiharusi, koili zikijazana zinaweza kuilemea neva, mahali pa sindano panaweza kuvuja damu. Mguu uliochomwa unyooshwe kama mtakavyoelekezwa, na ndugu wasimpandishe mgonjwa mito kwa huruma.

Fistula za kwenye utando mgumu nazipitia kwa kifupi. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi zinapokuwa karibu na jicho. Zikiwa nyuma ya sikio, mtu anasikia mvumo sikioni tu. Nyingi zina mwendo wa polepole na baadhi zinajifunga zenyewe. Kuna hata tiba ya mkono, kwa mgonjwa aliyechaguliwa na daktari baada ya kuhakikisha karotidi yake haina uchafu: anaibana karotidi shingoni kwa sekunde chache, mara kadhaa kwa siku. Lakini anaibana kwa mkono wa upande wa pili. Kwa nini? Karotidi ya kushoto inalisha ubongo wa kushoto, na ubongo wa kushoto ndio unaouendesha mkono wa kulia. Ubongo ukianza kukosa damu, mkono wa kulia unalegea na kuachia wenyewe. Breki imefungwa ndani ya tiba! Msiende kuifundisha kijijini, nawaomba. Nimeitaja kwa sababu inanifurahisha.

Fistula isiyo na upole ni ile inayorudisha damu kwenye vena za ubongo wenyewe. Hiyo inaweza kupasua vena na kumwaga damu kichwani, na hata kama dalili yake ni mvumo tu wa sikioni, inatakiwa kuzibwa.

Je, kila tulichokiona kwenye picha tukizibe? Hapa ndipo jambo langu la tatu, na wenzangu wengine hawapendi nilisemapo.

Chukueni lile fundo la mishipa ndani ya ubongo. Mtu anapigwa picha kwa maumivu ya kichwa, linaonekana, halijawahi kuvuja. Hatari ya kuvuja kwa mwaka kwa kawaida hutajwa kuwa asilimia 2 mpaka 4. Mwaka 2007 ulianza utafiti wa kimataifa uitwao ARUBA. Watu wenye mafundo ambayo hayajavuja waligawanywa kwa kura: kundi moja dawa za dalili tu, kundi jingine dawa pamoja na kutibiwa fundo lenyewe, kwa kisu, kwa mionzi au kwa katheta. Mwaka 2013 uandikishaji ulisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo ya wagonjwa 223 yalichapishwa mwaka 2014, wakiwa wamefuatiliwa kwa wastani wa miezi 33. Waliokufa au kupata kiharusi katika kundi la dawa: asilimia 10.1. Katika kundi la waliotibiwa fundo: asilimia 30.7.

Mara tatu! Mabingwa waliruka. Wakasema miezi 33 ni michache kwa mtu wa miaka 25 ambaye ana miaka 50 mbele yake ya kubeba hatari hiyo. Wakasema mafundo yanatofautiana, na utafiti uliyachanganya. Hoja zote mbili zina uzito, nami nazikubali. Lakini namba ile inatukumbusha kwamba katheta iliyofika si lazima iingie kazini. Fundo lililokwisha kuvuja ni kesi nyingine, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuvuja tena, na huko tunaziba, tunapasua, au tunafanya vyote. Fistula ya ajali kwenye jicho nayo ni kesi nyingine, kwa sababu jicho linakufa ukisubiri. Kwa yule mwenye fundo lililotulia, mazungumzo marefu na familia ni sehemu ya tiba. Daktari anayesema "tunaziba kesho" kabla hajamuuliza mgonjwa umri wake, mimi ningeomba maoni ya daktari wa pili.

Zamani wagonjwa wa namna hii jibu lao lilikuwa moja: India, kwa aliye na uwezo. Sasa Dar es Salaam, pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kuna chumba cha angiografia ya ubongo, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, tangu 2019 wanafundisha madaktari bingwa wa tiba kwa kutumia picha hapahapa nyumbani. Nairobi nako huduma ipo. Gharama bado ni mzigo, koili hazitengenezwi Kariakoo, na wataalamu ni wachache. Lakini rufaa yenu leo ina pa kwenda.

Rufaa hiyo basi iandikwe vizuri. "Jicho jekundu, naomba msaada" haitoshi, itakaa chini ya faili nyingine. Andika tarehe ya ajali. Andika jicho lipi, na linaona kiasi gani leo, kwa namba, kila jicho peke yake. Andika presha ya jicho kama kifaa unacho. Je, anaona viwili? Je, ametokwa damu puani? Anatumia dawa gani za kupunguza uzito wa damu? Kisha andika, kwa herufi kubwa, kama umesikia mvumo. Neno hilo moja litamtoa mgonjwa kwenye foleni ya macho na kumpeleka kwenye picha siku hiyohiyo. Na weka namba ya simu ya ndugu anayepokea simu, si ile ya mgonjwa iliyopotea siku ya ajali.

Madereva, kwenu nina swali tu: ni wangapi mmekuja leo na helmeti yenye mkanda unaofunga? Nyoosheni mikono. Haya, nimeona, tutaongea wenyewe baada ya chai.

Wengine, chumba cha pili kuna viti vimepangwa viwiliviwili. Tutasikilizana macho, kila mmoja na mwenzake, mpaka mkono uzoee. Mwenye stetoskopu isiyo na upande wa kengele aazime ya jirani.